Wafu Wako Migombani
Mhadhara kuhusu makanisa ya kale ya Kilimanjaro



Miaka kadhaa iliyopita nilimtembeza mgeni wangu, mzee Mwingereza aliyelelewa kijijini kwao chini ya mnara wa kanisa, katika mojawapo ya parokia zetu za zamani huku juu. Aliyatazama mawe ya ukuta, akaugusa mlango, akatoka nje na kulizunguka jengo zima mara mbili. Aliporudi aliniuliza swali moja tu: "Makaburi yako wapi?" Nilimwonyesha misalaba michache ya mapadre na masista pembeni. Akasema hao amewaona, ila anawauliza wengine, wale waliosali humu zaidi ya miaka mia.

Sikuwa na jibu la haraka. Nimelitafuta tangu siku ile, na ninayowaletea leo ndiyo niliyoyapata.

Lazima kwanza tuelewe alikotoka mwenzetu. Kanisa la parokia la Kiingereza ni nyumba ya walio hai iliyozungukwa na wafu. Kule Escomb, kaskazini mwa Uingereza, kuna kanisa dogo lililojengwa karne ya 7, na mawe yake yalitolewa kwenye magofu ya ngome ya Warumi. Watu wanasali humo mpaka leo. Makanisa ya Kianglikana nchini humo yanafika kama 16,000, na zaidi ya 12,000 kati yake yamo kwenye orodha ya majengo yanayolindwa na sheria. Mwaka 1538, Thomas Cromwell, waziri wa Mfalme Henry VIII, aliagiza kila parokia iwe na kitabu cha kuandika ubatizo, ndoa na mazishi. Kwa hiyo mkulima wa kawaida kabisa, ambaye babu zake hawakuwahi kumiliki chochote, anaweza kuingia kanisani kwao, akasoma majina yao kitabuni, kisha akatoka nje na kusimama juu ya mifupa yao. Hapo uani utakuta pia mti uitwao yew, usiopukutisha majani hata wakati wa baridi kali, nao huishi mamia ya miaka. Mingine ni mikubwa kwa umri kuliko kanisa lenyewe.

Waingereza walipokuja pwani yetu walikuja na desturi hiyo. Askofu Edward Steere, aliyesimamia ujenzi wa kanisa la Mkunazini Zanzibar pale palipokuwa soko la watumwa, alizikwa ndani, nyuma ya altare, mwaka 1882. Kabla yake, mwaka 1844, mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf, aliyetumwa na CMS, chama cha Kiingereza cha wamisionari wa Kianglikana, alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa. Kaburi hilo lilitangulia kanisa. Huko ndiko Ukristo wa zama hizi ulikoanzia katika Afrika Mashariki, penye kaburi.

Huku mlimani ulianzia mahali pengine.

Tarehe 11 Mei 1848, Johannes Rebmann, mwenzake Krapf wa kutoka Rabai, akiongozwa na Bwana Kheri, aliiona theluji ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro. Alifika Kilema na baadaye Machame kwa mtawala wake, Mangi Mamkinga. Habari zake zilipochapishwa Ulaya, mwanajiografia William Desborough Cooley wa London, ambaye hakuwahi kukanyaga bara hili, alizikataa katakata. Miaka ilipita kabla Rebmann hajaaminiwa. Lakini tusisahau kwamba Mchagga hakungoja kuambiwa kama kuna kitu cheupe juu ya kichwa chake. Alikuwa na jina la kitu hicho, alijua maji ya mfongo wake, mfereji wa kumwagilia shamba, yanatoka upande gani, na alimgeukia Ruwa, jina linalobeba maana mbili kwa pamoja, Mungu na jua. Wamisionari wa baadaye walipotafuta neno la kumwita Mungu wao katika Kichagga, walilichukua hilohilo. Nadhani hapo ndipo kanisa la Kilimanjaro lilipojengwa kwanza, ndani ya neno moja, kabla ya jiwe lolote.

Baada ya Rebmann akaja Charles New, Mmethodisti, mtu wa kwanza tunayemjua kwa maandishi kuifikia theluji, mwaka 1871. Aliporudi miaka michache baadaye alinyang'anywa mali zake na Mangi Rindi wa Moshi, yule ambaye vitabu vya wageni vinamwita Mandara, akafa mwaka 1875 akiwa njiani kurudi pwani. Msimhukumu Rindi haraka. Alitawala eneo dogo lililozungukwa na majirani wenye nguvu, hasa Sina wa Kibosho, na kila mgeni aliyepanda mlima alikuwa kwake mlango wa kupata bunduki, nguo na marafiki wa mbali. Machi 1885 alimpokea Askofu James Hannington wa CMS, aliyekuja kutafuta mahali pa kuweka misheni. Miezi mitatu tu baadaye, Juni mwaka huohuo, akafika Karl Jühlke akitafuta mikataba kwa niaba ya Wajerumani. Hannington aliuawa Busoga kabla ya mwaka kwisha. Misheni yake ilianza, na kwa miaka saba Moshi ya Rindi, ambayo leo tunaiita Old Moshi, ilikuwa na parokia changa ya Kiingereza.

Hapa nawaomba tukae kidogo, maana watu wengi wa Moshi hawaijui habari hii. Rindi alifariki mwaka 1891, na mwanawe Meli akashika kiti. Juni 1892 vijana wa Meli walikishinda kikosi cha Wajerumani, na kamanda wao von Bülow akauawa. Wajerumani walitafuta wa kumlaumu wakawapata Waingereza wa misheni, wakidai kwamba wao ndio waliompa Meli silaha. Kabla mwaka haujaisha, CMS walifunga mizigo wakashuka Taveta, upande wa pili wa mpaka ambao mataifa mawili ya Ulaya yalikuwa yameuchora bila kumwuliza mwenyeji hata mmoja. Vijana wachache wa hapa waliwafuata.

Kwa hiyo kanisa la Kiingereza la Old Moshi lilikuwepo likatoweka. Lingebaki, leo pengine tungekuwa na uwanja wa makaburi kama ule wa mgeni wangu. Tulichorithi kutoka kwa Waanglikana wa wakati ule hakishikiki kwa mkono. Ni vijana wachache waliojifunza kusoma, pamoja na kumbukumbu kwamba mgeni anaweza kufukuzwa na mgeni mwenzake wakati mwenye nyumba anatazama.

Wamisionari waliodumu mlimani ni wa aina mbili. Mapadre Wakatoliki wa Roho Mtakatifu walikuwa Bagamoyo tangu 1868. Mwaka 1890 Askofu Raoul de Courmont na Padre Alexandre Le Roy walipanda kukagua mlima, na mwaka uliofuata misheni ya Kilema ikaanza kwa ridhaa ya Mangi Fumba, chini ya Padre Auguste Gommenginger, mtu wa Alsace. Ni mapadre hawa walioleta mlimani, kabla karne ile haijakwisha, miche ya kahawa ambayo asili yake ni kisiwa cha Réunion. Ukitaka kujua kanisa la Kilema limejengwa kwa nini, jibu la kwanza ni mawe, na la pili ni mti ule mdogo ulioota chini ya migomba ya kila nyumba na kulipa ada za shule za vizazi vinne. Kibosho ikafuata mwaka 1893, miaka miwili baada ya majeshi ya Wajerumani chini ya Wissmann kuivunja ngome ya Sina.

Mwaka huohuo wa 1893 wakaja Walutheri wa Leipzig. Meli alikuwa ameshindwa vitani Agosti, na wao wakaanzisha kituo cha kwanza Nkwarungo, Machame, mwezi Oktoba. Mamba ikawa mwaka uliofuata, na Kidia, katika Old Moshi ileile waliyoiacha Waingereza, mwaka 1896. Oktoba 1896 wawili kati yao, Ewald Ovir na Karl Segebrock, waliuawa Akeri kule Meru. Kisasi ambacho Wajerumani walilipiza kwa ajili yao kiliwagharimu Wameru na Waarusha mauti na ng'ombe kwa kiasi ambacho hakina kaburi wala kibao.

Ndivyo mlima ulivyogawanyika. Machame, Old Moshi, Mamba na Marangu zikawa za Walutheri kwa sehemu kubwa, na Kilema, Kibosho, Uru na Rombo zikawa za Wakatoliki. Mipaka ilifuata tawala za mangi na mikondo ya mito. Mpaka leo mtu akikuambia kwao ni wapi, mara nyingi umeshajua alibatizwa katika kanisa lipi. Na hilo ndilo jambo ambalo sisi na Waingereza tunafanana sana kuliko tunavyodhani. Parokia, kwao na kwetu, ni ardhi kabla ya kuwa jengo. Unazaliwa ndani yake.

Sasa nirudi kwenye swali la makaburi.

Zamani Mchagga alizikwa ndani ya nyumba yake au karibu nayo. Baada ya muda mifupa ilifukuliwa kwa heshima, na fuvu likawekwa mgombani penye masale. Mnalijua isale, jani lile refu la kijani. Ndilo linaloonyesha mpaka wa kihamba, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, ndilo analolibeba mtu anayekwenda kuomba msamaha, na ndilo lililosimama penye wafu. Kazi moja na ileile: hapa ni pa watu, hapa pana amani, usipite kwa nguvu. Wamisionari waliikomesha ile desturi ya kufukua. Lakini hawakuweza kumtoa maiti kwenye kihamba, na nionavyo mimi wengi wao walitambua kwamba ni heri wasijaribu. Aliyebatizwa Kidia akazikwa nyumbani kwake. Aliyekula komunyo ya kwanza Kilema akazikwa nyumbani kwake. Mchungaji alikuja na kitabu chake, padre na maji yake ya baraka, kengele ikalia kule juu kanisani, na kaburi likafunikwa hapa chini, hatua chache kutoka jikoni. Kwa desturi nyumba ya wazazi humwendea mtoto wa mwisho. Tunapozungumza juu ya urithi huwa tunafikiri amepewa mali. Amepewa pia kazi ya mtunza makaburi, bila mshahara na bila kustaafu.

Basi mgeni wangu alipozunguka ukuta akitafuta waumini waliotangulia, alikuwa anatafuta mahali padogo mno. Uwanja wa makaburi wa parokia ya Kilema unaanza mlango wa kanisa unapoishia, ukashuka mabonde na kupanda vilima mpaka mpaka wa parokia ya jirani. Yew yao iko uani mwa kanisa. Yew yetu ni isale, nayo imesimama kwenye maelfu ya viwanja.

Ninasema haya kwa sababu yanabadilisha namna tunavyopaswa kuisoma historia yetu. Tukiyapima makanisa haya kwa kipimo cha Escomb tutayaona machanga na maskini, majengo ya karne moja na ushei, hayana sanamu ya askari wa vita vya msalaba wala dirisha la vioo vya karne ya 14. Tukiyapima pamoja na vihamba vyake, tunakuta kitu ambacho Mwingereza alikipoteza zamani sana: kanisa na shamba na kaburi na mfongo vikiwa bado ni mwili mmoja.

Aliyeliona hilo mapema ni Bruno Gutmann. Alifika mlimani mwaka 1902 na sehemu kubwa ya maisha yake aliitumia Kidia. Mwaka 1920, nchi ikiwa sasa chini yao, Waingereza walimfukuza pamoja na wamisionari wengine wa Kijerumani, akarudi miaka ya katikati ya 1920, akaondoka moja kwa moja mwaka 1938. Aliandika sheria za Wachagga katika kitabu kikubwa kilichotoka 1926, akaandika mafundisho ya jando na unyago katika majalada matatu, na Agano Jipya la Kimochi, Kichagga cha Old Moshi, lililochapwa 1939 ni kazi yake. Alisema binadamu hufungwa na kamba tatu ambazo hakuzichagua, yaani ukoo, ujirani na rika, na kwamba kanisa likizikata linabaki na watu mmoja mmoja wasio na kwao. Hivyo usharika wake aliupanga kufuata kamba hizo. Vijana wa kipaimara walifungamanishwa wao kwa wao kama rika lilivyofungamana zamani, kila mmoja akiwajibika kwa mwenzake.

Si yote ya Gutmann ninayoyakubali. Aliipenda Uchagga ya jana kiasi kwamba aliiogopa ya kesho. Shule kubwa, mji, fedha, Kiswahili chenyewe, vyote vilimtia wasiwasi. Na vijana wa Old Moshi hawakumsubiri. Joseph Merinyo, aliyekulia katika misheni hiyohiyo, ndiye aliyekuwa rais wa kwanza wa chama cha wakulima wa kahawa kilichoundwa 1925, mama wa chama cha ushirika cha KNCU cha baadaye. Lakini juu ya ile kamba ya ujirani alikuwa na haki. Miaka ile wamisionari walipofukuzwa, sharika hazikufa. Walimu Wachagga walifundisha, walibatiza kwa ruhusa waliyopewa, walizika. Mwaka 1934 wachungaji wa kwanza wa Kichagga waliwekewa mikono, na kizazi kimoja baadaye Stefano Moshi, mtoto wa Mamba, akawa askofu na mkuu wa kwanza wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT) lilipoundwa mwaka 1963. Jengo lililoachwa peke yake huota magugu. Haya hayakuota.

Kuna maiti mmoja wa mlima huu ambaye siwezi kumaliza mhadhara bila kumtaja. Tarehe 2 Machi 1900, Mangi Meli alinyongwa hapo Old Moshi, pamoja na Molelia wa Kibosho na viongozi wengine wa Kilimanjaro, Meru na Arusha. Kidia ilikuwa na miaka minne. Wamisionari walikuwepo. Kichwa cha Meli kilikatwa, na familia yake imekitafuta Ujerumani kwa miongo mingi. Mwaka 2023 taasisi ya makumbusho ya Berlin ilitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewaunganisha watu walio hai wa Tanzania na mafuvu matatu yaliyohifadhiwa huko, moja likiwa la mtu aliyeandikwa "Akida", ambaye kwa simulizi za wazee alikuwa mshauri wa Meli. La Meli halikuwemo.

Fikirini jambo hilo mkiwa Wachagga. Kwa watu ambao fuvu la baba lilikuwa na mahali pake mgombani, chini ya isale, fuvu lililowekwa namba na kufungiwa kabatini Ulaya ni mtu ambaye bado hajazikwa. Tunapouliza urithi wa makanisa yetu ya kale ni nini, na hili ni sehemu yake, kwa sababu kengele ya Kidia na mti wa kunyongea vyote vilikuwa katika Old Moshi hiyohiyo. Ningependa siku moja liandikwe ukutani mwa kanisa, kwa lugha tatu, bila kumlaumu aliye hai na bila kumficha aliyekufa.

Kuhusu mji wenyewe nitapita haraka. Reli ya Tanga ilifika tambarare mwaka 1911, boma likahama, jina la Moshi likateremka na treni, na kule juu pakabaki "Old". Waanglikana walirudi na utawala wa Kiingereza, na kanisa la Mtakatifu Margareta mjini ni ndugu mdogo wa ile misheni iliyofukuzwa 1892. Anayetaka kuonja ibada ya parokia ya Kiingereza bila kupanda ndege anaweza kwenda pale.

Sasa nizungumzie linaloniuma.

Nilikwenda parokia moja, ambayo sitaitaja, kutafuta jina la babu yangu katika kitabu cha ubatizo. Vitabu vile vya zamani kwa upande wa Wakatoliki viliandikwa kwa Kilatini, kwa Walutheri mara nyingi kwa Kijerumani, kwa mwandiko mwembamba wa kalamu ya kuchovya. Kila mstari una jina la mtoto, wazazi, msimamizi, tarehe. Huko ndiko unakoona majina yakizaliwa: Aikaeli, Aikaruwa, Kundaeli, ambamo shukrani na upendo wa Kichagga vimeshikana mikono na jina la Mungu, mara lile la Waebrania, mara lile letu la Ruwa. Nilikabidhiwa kabati. Nilipofungua, mchwa walikuwa wamejenga ndani. Kurasa za miaka kama thelathini zilikuwa zimegeuka udongo, na nilipoinua jalada zilimwagika sakafuni. Aliyenionyesha alisikitika kwa dhati. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kile ni kitu cha kulindwa.

Uingereza wamekuwa na kanuni ya kanisa tangu 1978 inayoagiza vitabu vya kale vya parokia vipelekwe kwenye nyumba za nyaraka na kuhifadhiwa. Sisi tuna Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863. Hesabuni wenyewe. Kilema ni ya 1891, Nkwarungo 1893, Kidia 1896. Hakuna hata kanisa moja la mlima huu linalolindwa na tarehe hiyo, mpaka waziri alitangaze kwa jina. Kwa hiyo kesho kamati ya ujenzi ikiamua kwa nia njema kubomoa kuta za zamani ili wapate kanisa la kuchukua watu elfu mbili, sheria haina la kusema. Nimewahi kukaa katika kikao cha namna hiyo. Waliotaka kubomoa hawakuwa maadui wa historia. Watoto wao walikuwa wanasikiliza misa nje kwenye mvua.

Na historia yetu iliyoandikwa iko mbali. Nyaraka za Misheni ya Leipzig zimehifadhiwa Halle, Ujerumani. Za Mapadre wa Roho Mtakatifu ziko Chevilly-Larue, karibu na Paris. Picha nyingi za sharika za kwanza za Kilimanjaro zimewekwa kwenye intaneti na chuo kikuu kimoja cha California, na kijana wa Marangu mwenye simu anaweza kumwona huko mama wa babu yake akiwa amesimama mbele ya darasa. Niliwahi kumwonyesha bibi mmoja picha ya namna hiyo. Alishika simu kwa mikono miwili, kama anavyoshika mtu kikombe cha komunyo, akaanza kuwataja: huyu alikuwa jirani yetu, huyu aliolewa Mamba, huyu alikufa na njaa ile. Picha ile ilikuwa California bila majina. Majina yalikuwa kwenye kichwa cha bibi, na bibi alikuwa na miaka tisini na kitu.

Ninachoomba ni kidogo na kinawezekana. Kila parokia na kila usharika wa kabla ya 1920 upige picha kurasa zote za vitabu vyake mwaka huu, kwa simu tu, na nakala zikae mahali pawili. Vijana wa kipaimara, badala ya kukariri maswali peke yake, wapewe kazi ya kwenda nyumba kwa nyumba katika mtaa wao au jumuiya yao, na kuandika nani amezikwa wapi, chini ya isale lipi. Gutmann angeliita hilo kazi ya rika. Mimi naliita kitabu cha mazishi ambacho hakikuwahi kukamilika. Na halmashauri, zikishirikiana na Idara ya Mambo ya Kale, ziombe angalau makanisa matatu ya mlima huu yatangazwe kwa jina.

Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua mfumo wa vihamba wa Shimbwe Juu kuwa urithi wa kilimo wa dunia nzima. Waliitazama mifongo, migomba, kahawa na miti mikubwa inayofunika vyote. Walichoshindwa kukiona, kwa kuwa hakimo katika sayansi yao, ni kwamba lile lilikuwa pia shamba la Mungu katika maana ya kale ya neno hilo, mahali ambapo wafu wanamngojea. Leo kahawa inang'olewa, vihamba vinagawanywa vipande visivyotosha mgomba na mtu, vingine vinauzwa kwa wageni ambao hawajui nini kimelala pale penye masale. Kila kihamba kinapouzwa, uwanja wa makaburi wa parokia ya Kilema, ya Kidia, ya Kibosho, unapungua kwa kiasi hicho.

Mgeni wangu sikumwacha bila jibu. Siku ya pili yake nilimpeleka kwetu. Tulishuka kwa miguu kwenye njia ya mfongo, maji yakipiga kelele pembeni, mpaka nyumbani kwa mdogo wangu, kitinda mimba wetu. Ilikuwa mwezi wa Desemba, magari ya Dar es Salaam yalikuwa yameanza kupanda, na shemeji yangu alikuwa anafyeka majani juu ya kaburi la mama kwa ajili ya Krismasi. Nilimwonyesha mama, baba, bibi, na mahali ambapo tunaambiwa yupo babu wa babu, penye isale nene ambalo hakuna anayekumbuka lilipandwa lini. Alivua kofia. Kengele ya jioni ikalia kule juu, na shemeji akaweka panga chini, akasimama mpaka iliponyamaza, kisha akaendelea kufyeka.